Nimeambiwa homoni haziko sawa: homoni ipi hasa, na "sawa" ni ngapi?

#1 Tausi wa Jioni
Wanajamvi habari zenu. Naomba kueleweshwa. Mimi ni mwanamke wa miaka 34. Kwa muda sasa nachoka kabla hata mchana haujafika, nywele zinabaki kwenye kitana, uzito unapanda ingawa ulaji wangu ni uleule, na hedhi inakuja inavyotaka yenyewe. Nikaenda kuonwa, nikatolewa damu, nikarudishiwa karatasi na sentensi moja: "Homoni haziko sawa, punguza mawazo." Basi. Hakuna aliyenitajia hata jina la homoni yenyewe.

Kwenye karatasi naona TSH 7.8, na prolaktini imewekewa mshale wa juu. Homoni ni kitu gani hasa, zinatoka wapi, na mtu akisema haziko sawa anamaanisha ipi? Mwenye ujuzi anisaidie.

#2 Nyundo ya Mbao
Pole dada. Hapo hakuna fumbo, ni mawazo tu. Ukiwa na msongo, tezi za adrenali zilizokaa juu ya figo zinamwaga homoni ya kotisoli. Kotisoli ikizidi inapandisha sukari, inajaza mafuta tumboni, inavuruga hedhi. Nimewaona wengi wa hivyo. Wakilala vizuri na kupumzika, mambo yanarudi kwenye mstari. Waliokuambia upunguze mawazo wamekupa ushauri mzuri.

#3 Mwanamaabara
Mkuu Nyundo, umekimbilia kotisoli wakati haimo hata kwenye karatasi aliyoisoma. Tuanze na kilichopimwa.

Tausi, homoni ni kemikali inayotolewa na seli za sehemu moja ya mwili, ikaingia kwenye damu, ikaenda kubadilisha utendaji wa seli zilizo mbali. Damu inaifikisha karibu kila mahali, lakini inafanya kazi pale tu penye vipokezi vyake. Kiasi chenyewe ni kidogo mno. T4, homoni ya tezi ya shingoni, iliyo huru kwenye damu inapimwa kwa pikomoli kwa lita, na mabadiliko ya pikomoli chache tu mtu anayasikia mwili mzima.

Sasa TSH. Wengi wanadhani inatoka kwenye tezi ya shingoni, yaani thairoidi. Hapana. Inatoka pituitari, tezi yenye uzito wa kama nusu gramu iliyoning'inia chini ya ubongo. Kazi ya TSH ni kuiamuru thairoidi itengeneze T4 na T3. T4 ikitosha, pituitari inapunguza TSH. T4 ikipungua, inaiongeza. Kwa hiyo TSH ya juu ni kama mtu anayepaza sauti kwa sababu anayemwita haitiki: shida mara nyingi iko kwa anayeitwa. Maabara nyingi zinaweka kikomo cha juu karibu na 4 au 4.5. Wewe umevuka, ila si kwa umbali mkubwa.

Swali langu: T4 yako ni ngapi? TSH bila T4 ni nusu ya habari.

#4 Mpiga Kasia
Nimefuatilia. Kwa hiyo pituitari ndiyo mkuu wa tezi zote? Shuleni tulifundishwa hivyo.

#5 Mwanamaabara
Mpiga Kasia, juu ya pituitari kuna haipothalamasi, sehemu ya ubongo inayopeleka homoni zake kupitia mishipa midogo ya damu na kuiambia pituitari itoe nini. Halafu si tezi zote zinazongoja amri kutoka juu. Seli za beta kwenye kongosho zinaipima sukari ya damu zenyewe na kutoa insulini. Paradundumio, zile tezi nne ndogo nyuma ya thairoidi, zinaisoma kalsiamu moja kwa moja. Ukiwa na pituitari nzima kabisa, kisukari bado kinaweza kukupata.

#6 Mama Pacha
Mdogo wangu Tausi, pole. Ulichoandika ndicho nilichopitia, na baridi juu yake. Wenzangu wanafungua madirisha, mimi natafuta sweta. Mwisho ikajulikana kinga yangu ya mwili inaishambulia thairoidi, ugonjwa ulioelezwa na Mjapani Hakaru Hashimoto mwaka 1912. Waombe wakupime kingamwili za TPO, yaani zile zinazoilenga thairoidi, ndizo zinazoonyesha.

Nikuambie na jingine ambalo mimi sikuambiwa na yeyote. Nilipewa vidonge vya thairoksini, yaani T4 yenyewe, na vya madini ya chuma kwa sababu damu ilikuwa pungufu. Nikaelekezwa "kimoja kimoja asubuhi". Nikameza vyote pamoja kila asubuhi, TSH ikakataa kushuka, wakawa wananiongezea dozi tu. Muuguzi mmoja wa zamu ndiye aliyeniuliza navimeza saa ngapi. Chuma na kalsiamu zinaishika thairoksini tumboni isifyonzwe. Inatakiwa imezwe na maji matupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya kula, na chuma kisogezwe mbali kwa saa nne. Nilipotenganisha, namba ikashuka.

#7 Dira ya Kusini
Mama Pacha asante, hilo la saa nne nilikuwa silijui na kuna ndugu yangu anavimeza pamoja hivyo hivyo. Namtumia uzi huu.

#8 Chumvi Nyeupe
Jamani mnazunguka sana. Thairoidi inatengeneza homoni kwa ayodini. T4 ina atomu nne za ayodini, T3 ina tatu. Ayodini ikikosekana, tezi inavimba na mtu anapata rovu. Uswisi walianza kuweka ayodini kwenye chumvi mwaka 1922, Marekani mwaka 1924, rovu zikapungua. Dada atafute matone ya ayodini ajaribu kwanza kabla ya vidonge vya maisha.

#9 Mama Pacha
Hapana, hapana. Usimpe mtu ushauri huo. Mimi nilizidisha kidonge chenye ayodini nyingi kilichoandikwa "afya ya tezi", hali ikazidi kuwa mbaya.

#10 Mwanamaabara
Chumvi Nyeupe, historia yako ni sahihi, tiba ndiyo si sahihi. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 za ayodini kwa siku. Matone mengi yanayouzwa yana kiasi kinachozidi hapo mara nyingi sana. Na thairoidi ikipewa ayodini nyingi kwa mkupuo inasimamisha utengenezaji wa homoni. Watafiti Wolff na Chaikoff walilionyesha hilo mwaka 1948. Tezi yenye afya inajinasua baada ya siku chache. Tezi inayoshambuliwa na kinga inaweza kushindwa kujinasua, ikazama zaidi. Kwa hiyo unaweza kuchukua mtu mwenye TSH ya 7.8 ukampeleka mbali zaidi kwa nia njema.

#11 Chumvi Nyeupe
Nimekuelewa mkuu. Ila bado swali linabaki: kama anapoishi ayodini haitoshi je? Hatujui.

#12 Ua la Asubuhi
Mbona hakuna aliyegusa prolaktini? Mshale ule una uzito wake. Prolaktini ndiyo homoni ya maziwa, inatoka pituitari pia, na ikiwa juu inaizuia haipothalamasi isitoe amri inayoamsha FSH na LH, homoni mbili za pituitari zinazoamrisha ovari. Bila hizo yai halipevuki vizuri, na hedhi inapotea au inayumba. Mimi ilikuwa ni uvimbe mdogo kwenye pituitari, si saratani, unatibika kwa vidonge na wangu ukanywea. Kichwa kilikuwa kinaniuma na maziwa yalikuwa yanatoka wakati sinyonyeshi. Tausi, una dalili hizo?

#13 Nyundo ya Mbao
Prolaktini nayo inapanda kwa msongo. Hata kuchomwa sindano tu kwa mtu mwoga inapanda. Kwa hiyo tunarudi kwangu.

#14 Ua la Asubuhi
Kaka Nyundo, wewe hata mtu akivunjika mguu utasema kotisoli 😄

#15 Kisima
Ngoja niunganishe alichosema Ua na alichosema Mwanamaabara, maana hapa ndipo penye utamu. Haipothalamasi inapotaka thairoidi ifanye kazi, inatoa homoni inayoitwa TRH. Hiyo TRH inaiamsha pituitari itoe TSH, lakini haiishii hapo: inaamsha na seli za prolaktini. Thairoidi ikilegea, TRH inaongezeka, na prolaktini inaweza kupanda bila uvimbe wowote kichwani. Hapo majibu mawili ya juu kwenye karatasi ya Tausi yanaweza kutokana na kitu kimoja.

Ndiyo maana kwa mtu wa namna hii hawaanzi kwa kukimbilia picha ya kichwa. Wanatibu thairoidi kwanza, wanaipima prolaktini tena. Ikishuka yenyewe, limeisha. Isiposhuka, ndipo wanatafuta mengine, na dawa zimo: metoklopramidi ya kichefuchefu inapandisha prolaktini, na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili pia.

#16 Ua la Asubuhi
Kisima, sikatai. Lakini mimi ningengoja thairoidi "kwanza" ningechelewa. Prolaktini ya juu kiasi gani? Mshale si namba. Kupanda kidogo na kupanda mara kumi ni vitu viwili tofauti kabisa.

#17 Fumo wa Pwani Mbili
Hebu tutazame na ovari. Uzito unapanda, hedhi inayumba, nywele za kichwani zinapungua: hiyo ni PCOS ya kitabuni, ule mvurugiko wa homoni za ovari. Shirika la Afya Duniani liliwahi kukadiria kwamba inawapata asilimia 8 hadi 13 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa, na wengi hawajui kwamba wanayo. Insulini ikipanda kwa sababu seli haziisikii vizuri, ovari zinachochewa kutoa testosteroni zaidi. Mke wangu alihangaishwa na "punguza mawazo" hizo hizo mpaka alipopata daktari aliyemuuliza kuhusu ndevu za kidevuni na chunusi.

#18 Mpiga Kasia
Mwanamke na testosteroni tena? Si ya wanaume hiyo?

#19 Kisima
Wanawake na wanaume wote wana testosteroni na estrojeni, ile inayoitwa ya kike, wanatofautiana kiasi. Ovari na adrenali za mwanamke zinatengeneza testosteroni, na sehemu kubwa ya estrojeni inatengenezwa kutokana na testosteroni hiyohiyo kwa kimeng'enya kinachoitwa aromatasi. Mwanamume naye anacho, hasa kwenye mafuta ya mwili.

Na estrojeni kwa mwanamume si pambo. Mwaka 1994 madaktari waliandika kuhusu mwanamume wa miaka 28 ambaye vipokezi vyake vya estrojeni havikufanya kazi kwa sababu ya hitilafu ya kurithi. Alikuwa na urefu wa sentimita 204 na ncha za mifupa yake zilikuwa bado hazijafunga, alikuwa anaendelea kurefuka. Testosteroni yake ilikuwa ya kawaida. Homoni ilikuwepo tele kwenye damu, kilichokosekana ni cha kuipokea. Kipimo cha damu kingekuambia estrojeni yake haina upungufu, na mwili wake unaishi kana kwamba hakuna kitu.

#20 Mpiga Kasia
Aisee. Ndiyo huyo mrefu kuliko wote duniani?

#21 Dira ya Kusini
Hapana, huyo ni Robert Wadlow wa Marekani, alifika sentimita 272 na akafariki mwaka 1940 akiwa na miaka 22. Yeye pituitari ilikuwa inazidisha homoni ya ukuaji. Sababu mbili tofauti.

#22 Babu Karani
Vijana, mmesahau jambo la kawaida kuliko yote: damu. Mwanamke mwenye hedhi isiyotabirika anaweza kupoteza chuma kingi bila kujua. Uchovu, nywele kukatika, kusikia baridi, vyote vinaletwa na upungufu wa chuma, na hapo hakuna homoni iliyokosea. Mwulizeni Tausi feritini yake, kipimo cha akiba ya chuma, kabla hamjampa magonjwa manne.

#23 Mama Pacha
Shikamoo babu. Kweli kabisa, ingawa mimi nilikuwa navyo vyote viwili kwa pamoja.

#24 Babu Karani
Marahaba mama. Ndiyo hivyo, mwili haulazimiki kuchagua ugonjwa mmoja.

#25 Tausi wa Jioni
Asanteni sana nyote, nimesoma kila neno. Majibu: T4 haikupimwa. Feritini haikupimwa. Prolaktini ni 38 na kikomo chao ni 25. Maziwa hayatoki, kichwa hakiumi zaidi ya kawaida. Kidevuni hakuna ndevu. Dawa ninazotumia ni vidonge vya biotini tu, vya nywele, dozi kubwa. Damu ilitolewa saa tisa alasiri baada ya kukaa foleni tangu asubuhi na kugombana na mtu wa mapokezi.

#26 Fumo wa Pwani Mbili
Biotini! Basi karatasi hiyo tupa. Biotini inaharibu vipimo vya homoni, inajulikana.

#27 Mwanamaabara
Polepole mkuu. Inaharibu, ila inaharibu kuelekea upande gani? Mashine nyingi zinatumia biotini kama gundi ya kipimo. Ukiwa nayo nyingi kwenye damu, vipimo vya aina ya TSH na prolaktini vinatoa jibu la chini kuliko ukweli, wakati T4 inaweza kuonekana juu kuliko ilivyo. Kwa hiyo biotini haiwezi kuwa kisingizio cha TSH yake kuwa juu. Kama mashine yao inaathirika na biotini, TSH halisi inaweza kuwa imezidi 7.8. Aache vidonge hivyo angalau siku mbili, na kwa dozi kubwa muda mrefu zaidi, kisha arudie asubuhi: TSH, T4 huru, kingamwili za TPO, prolaktini akiwa ametulia, feritini, na kipimo cha ujauzito.

#28 Tausi wa Jioni
Ujauzito?

#29 Mwanamaabara
Hedhi imeyumba, uchovu, prolaktini imepanda, uzito. Ujauzito unaleta vyote hivyo. Kipimo kinatafuta hCG, homoni ya kondo changa. Ni cha dakika chache, na hakuna daktari makini anayekiruka.

#30 Nyundo ya Mbao
Saa tisa, foleni, ugomvi, prolaktini 38. Nimekaa kimya muda mrefu, ila hapo mnanipa haki yangu. Hiyo ni prolaktini ya mtu aliyekasirika. Na nawaambia adrenali zake zimechoka kutoa kotisoli, ndiyo maana hana nguvu.

#31 Kisima
Mkuu, kuhusu prolaktini naweza kukubaliana nawe. Kupanda kidogo namna hiyo kunaletwa na msongo, au na TRH, au na vyote viwili, na karatasi haiwezi kututenganishia. Lakini "adrenali zilizochoka" si ugonjwa unaotambulika na wataalamu wa homoni. Tena mwanzoni ulisema kotisoli imezidi, sasa imepungua.

Adrenali zinaposhindwa kweli ni ugonjwa alioueleza Thomas Addison mwaka 1855: mtu anakonda, presha inashuka akisimama, anatamani chumvi, ngozi inakuwa nyeusi hata kwenye mikunjo ya viganja na kwenye fizi. Kotisoli ikizidi kweli, uso unakuwa wa mviringo, ngozi inakuwa nyembamba na kuchubuka ovyo, michirizi ya zambarau inatokea tumboni, na mtu anashindwa kuinuka kwenye kiti bila kujisukuma kwa mikono. Tausi hajasema hata moja kati ya hayo. Na kotisoli ina saa zake: iko juu kabisa asubuhi, iko chini kabisa karibu na usiku wa manane. Namba ya saa tisa alasiri ingekuwa na maana ndogo sana.

#32 Nyundo ya Mbao
Mgonjwa wa Addison anakonda, sawa, dada ananenepa. Lakini msongo wa muda mrefu unazuia hedhi, hilo huwezi kulifuta.

#33 Kisima
Silifuti. Haipothalamasi inapunguza amri za uzazi mwili ukiona hali si nzuri, na wanariadha wanaokula kidogo wanalijua vizuri. Liko kwenye orodha. Ninachokataa ni kulifanya liwe orodha nzima.

#34 Mpiga Kasia
Natoka nje ya mada kidogo. Waligunduaje haya yote wakati hayaonekani?

#35 Dira ya Kusini
Swali zuri. Kuna wanasayansi wawili wa London, Bayliss na Starling. Wakati huo iliaminika kwamba kongosho linaamrishwa na neva, mwanasayansi wa Urusi Pavlov naye alikuwa na msimamo huo. Mwaka 1902 wakachukua kipande cha utumbo wa mbwa, wakakata neva zake zote, kikabaki kimeunganishwa kwa mishipa ya damu tu. Wakatia asidi ndani yake. Kongosho likatoa maji yake kama kawaida. Wakakwangua utando wa ndani wa utumbo, wakausaga na mchanga na asidi, wakachuja, wakadunga mchujo huo kwenye mshipa wa damu. Baada ya muda mfupi kongosho likaanza tena kudondosha. Ujumbe ulikuwa umepita kwenye damu. Kemikali hiyo wakaiita sekretini.

Na kabla yao, mwaka 1849, Mjerumani Berthold alihamisha korodani za majogoo na kuzipandikiza tumboni, mbali na neva zake. Majogoo yakabaki na vilemba vyekundu, yakaendelea kuwika na kupigana.

#36 Babu Karani
Na orodha ya viungo haijafungwa. Zamani tulihesabu tezi kwenye vidole. Kisha ikajulikana moyo nao unatoa homoni ya kuondoa chumvi na maji, na mwaka 1994 mafuta ya mwili yakaonekana kutoa leptini inayoujulisha ubongo kuhusu akiba. Figo zinatoa erithropoetini, inayouambia uboho utengeneze chembe nyekundu. Mgonjwa wa figo anaishiwa damu kwa sababu hiyo.

#37 Mpiga Kasia
Nashukuru babu. Na tezi dume inatoa homoni gani?

#38 Kisima
Hiyo si ya kundi hili. Inatoa majimaji yanayopita kwenye mirija kwenda nje, haitegemewi kuingiza homoni kwenye damu. Inazipokea: testosteroni ndiyo inayoikuza.

#39 Kivuli cha Mnazi
Wakuu, samahani kwa kuingilia. Nimesoma hayo ya kotisoli nikashtuka. Natumia prednisoloni kwa ajili ya mapafu kwa miezi kadhaa sasa, uso umevimba kama alivyoeleza Kisima. Nataka kuiacha leo hii. Kuna shida?

#40 Kisima
Usiiache leo, ndugu yangu. Prednisoloni inafanya kazi ya kotisoli. Pituitari ikiiona nyingi kwenye damu, inaacha kuziamuru adrenali, nazo zinalala na kusinyaa. Ukiitumia zaidi ya wiki tatu au nne kisha ukaikata ghafla, unabaki huna kotisoli ya kidonge wala ya kwako. Presha inaanguka, unatapika, unaweza kupoteza maisha. Inapunguzwa taratibu na aliyeiandika, na kuziamsha adrenali kunaweza kuchukua miezi.

#41 Mama Pacha
Na ukipata homa kali, ajali, au ukihitaji upasuaji katika kipindi hicho, waambie mapema kabisa kwamba unatumia prednisoloni. Dozi huwa inaongezwa. Iandike kwenye kikaratasi ukae nacho kwenye pochi, maana siku ya kuzidiwa huenda usiweze kuongea.